Siku Tano Amu: Mashairi Ngomeni, Dufu Motoni na Maji ya Bamvua

Maelezo haya yametoka kwenye daftari mbili na picha mia tatu na ushei. Tulikwenda watu watano, wanawake wawili na wanaume watatu, na udi mmoja (ala ya nyuzi), dufu nne na kinasa sauti, mwezi wa Novemba wakati wa tamasha la utamaduni la Lamu, au Amu kama wenyewe wanavyouita mji wao. Shughuli nyingi hufanyika Ngomeni, kwenye Makumbusho ya Lamu yaliyo ufukweni, na kwenye uwanja wa Mkunguni ulio mbele ya Ngome. Bei ni za shilingi za Kenya, kama tulivyolipa sisi.

Ratiba iliyobandikwa ukutani ilikuwa ya ukurasa mmoja, na ndiyo ratiba dhaifu kuliko zote. Amu ina nyingine zenye nguvu zaidi: maji kujaa na kupwa, adhana, na unyevu wa hewa. Ukiisoma ya karatasi peke yake utafika mapema penye viti vitupu, au utafika ufukweni uikute boti imekaa kwenye tope.

Siku ya 1, Jumatano: Mombasa – Mokowe – Amu

Basi la saa moja asubuhi liliondoka saa mbili kasorobo, likisubiri magunia ya vitunguu ya abiria mmoja. Nauli 1,500. Ni kilometa 340 hivi hadi Mokowe, gati la bara la kuvukia Amu. Kaeni upande wa kushoto, kwa maana jua la asubuhi na la adhuhuri hupiga kulia njia nzima.

Mashamba ya mkonge, Daraja la Kilifi, kisha Malindi kwa chai. Mahamri mawili, sahani ya mbaazi na chai ya rangi vilitutoka 120 kila mmoja, na basi lilisimama dakika ishirini kweli, si "dakika tano" za utingo. Baada ya hapo nchi ni tambarare, mbuzi na vichaka, hadi Garsen unapovuka Mto Tana.

Kuanzia Gamba kuendelea kuna vizuizi vya usalama. Abiria wote hushuka, hupanga foleni na kitambulisho mkononi, hupita kwa miguu, kisha hupanda tena upande wa pili. Tulishuka mara tatu, kila mara kati ya dakika kumi na ishirini. Kitambulisho kiwe mfukoni, kisiwe kwenye begi lililofungiwa chini ya basi. Kijana mmoja alisahau chake huko, tukasubiri mizigo ya watu thelathini ishushwe. Wenye ala watoe neno mapema: mfuko wa udi kwa mbali hauna sura nzuri kizuizini. Tulipoufungua wenyewe kabla ya kuulizwa, askari aliomba apigiwe kidogo.

Mama aliyekuwa kiti cha nyuma alishuka Witu. Kabla ya kushuka alitupitishia maembe sita dirishani, ya kwanza ya msimu, akatuambia tusiyale kabla hayajalala siku mbili. Alikuwa sawa. Tulijaribu moja siku ileile.

Mokowe tulifika saa tisa u nusu, maji yamejaa hadi ngazi ya juu ya gati. Boti ya abiria 150. Mabaharia wa boti hizi hupenda kupanga mizigo chini, penye maji ya ngama, yaliyotuama ndani ya boti. Dufu na udi vipakateni. Maji ya chumvi yakishaingia kwenye gundi ya udi, mbavu za tumbo lake huanza kuachana baada ya wiki, na fundi hatakuambia bei kabla hajaupasua.

Gatini Amu hamali mwenye mkokoteni alichukua kila kitu kwa 200 hadi mtaa wa Mkomani. Vyumba vitatu, 2,500 kwa usiku kila kimoja, chai ya asubuhi ndani. Wakati wa tamasha bei hupanda, na vyumba vya ghorofa ya juu huisha kwanza kwa ajili ya upepo. Wekeni nafasi mwezi mmoja kabla.

*Kuhusu maji.* Siku ya mwezi mpevu na ya mwezi mwandamo, bahari hii hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, jioni na alfajiri, na hupwa kati ya saa nne na saa tano. Hayo ndiyo maji ya bamvua. Kila siku inayofuata ongezeni dakika hamsini hivi. Kwa hesabu hiyo moja mtajua kila siku lini boti itapita na lini haitapita. Mwezi ulikuwa unapevuka Alhamisi, kwa hiyo safari yetu yote iliangukia bamvua.

Siku ya 2, Alhamisi: Makumbusho asubuhi, mashairi alasiri

Makumbusho ya serikali Kenya hulipwa kwa simu kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Fungueni akaunti nyumbani na mjaribu nywila kabla ya kusafiri. Mtandao ulikuwa mzito, na mlangoni palikuwa na wageni saba wakisubiri ujumbe wa uthibitisho. Mlinzi aliwatolea viti barazani, akawaletea maji.

Ndani, waendao mbio huishia kwenye mifano ya majahazi. Kaeni kwenye siwa. Ziko mbili: ya pembe ya ndovu, iliyotoka Pate, ambayo urefu wake unapita mita mbili, na ya shaba, ya Amu yenyewe. Tazameni tundu la kupulizia. Haliko nchani kama tarumbeta, liko ubavuni. Mpigaji huishika kwa upande, na sauti hutoka mbele yake mbali na uso. Siwa haikuwa ala ya kustarehesha. Ililia kwenye harusi na shughuli za watu wa daraja fulani, na kukopeshwa siwa au kunyimwa lilikuwa jambo la siasa ya mji. Kibao cha maelezo hakikuambii hayo yote, bali mzee anayekaa zamu pale ataeleza ukimsalimia vizuri na ukiwa huna haraka.

Nyumba ya Kiswahili iko ndani mitaani, dakika chache kwa miguu. Ni ndogo. Tazameni zidaka za ukutani na birika la maji: zamani walifuga humo samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa hupachikwa bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kuogelea.

Saa nne tulikuwa Ngomeni. Ngome hii ilijengwa kati ya 1813 na 1821, ikawa gereza kwa miaka mingi hadi 1984 ilipokabidhiwa Makumbusho ya Taifa. Siku hizi ina maktaba na ukumbi, na ua wake ndio jukwaa la mji. Meza ya khati ilikuwa chini ya ukuta wenye kivuli: kalamu za mwanzi, vidau vya wino, na nakala za kurasa za tenzi za kale zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko popote. Mwalimu aliandika neno moja tu: kafu (*k*) yenye dhuma (alama ya *u*), be (*b*) yenye fataha (alama ya *a*). "Someni." Watoto wa madrasa walisema *kuba*. Akawaambia ni sawa, na pia si sawa. Waandishi wengi wa zamani walitumia be hiyohiyo kwa *b*, *p* na *mb*, na dhuma hiyohiyo kwa *u* na *o*. Basi herufi mbili zile ni *kuba*, *kupa*, *kumba*, *kopa* na *komba*. Jimu nayo hubeba *j*, *nj* na *ch*. Fe hubeba *f* na *v*. Baadaye waandishi waliongeza nukta, pe ikapata tatu, ve nayo ikapata zake, lakini kurasa za zamani hazina habari hiyo.

Basi husomwaje? Mwalimu alikuwa na mpango, nasi tuliunakili hivi. Kwanza usitafute maana. Hesabu mizani, yaani silabi, za mshororo, ujue wapi kipande kinakatika. Kisha tazama silabi za mwisho za vipande vyote vya ubeti, kwa sababu kina ni kimoja: kikishasomeka wazi pahali pamoja, kimesomeka pote. Kama mshororo wa pili unaishia *mwamba* bila shaka yoyote, basi *kuba* ya mshororo wa kwanza ni *kumba* au *komba*, na mengine yote yameanguka. Ndipo uitazame maana ikuchagulie kati ya yaliyobaki. Wasomi wa khati wanaoanza na maana hukwama kwenye ubeti wa tatu na kuanza kubuni.

Wanaotaka kujaribu waje na kalamu ya risasi na karatasi ya mistari. Mwanzi uliochongwa vibaya hutapika wino. Kata ncha kwa mshazari, kisha pasua kijimwanya chembamba katikati ya ncha ili wino ushuke polepole. Wino mzito upunguzwe kwa matone ya maji, mawili matatu, si zaidi.

Chakula cha mchana kilikuwa wali wa nazi, samaki wa kupaka na achari ya embe, 350, kwenye mkahawa wa ndani mitaani. Mikahawa ya ufukweni hutoza karibu mara mbili kwa samaki yuleyule.

Mashindano ya mashairi yaliandikwa "saa tisa". Alasiri haijaswaliwa, nani atakaa? Watu walianza kuingia saa kumi, na mshairi wa kwanza alisimama saa kumi na robo. Majaji walikuwa watatu, kila mmoja na karatasi yenye safu nne: vina, mizani, lugha, sauti. Sauti ina alama zake kwa sababu shairi hapa halisomwi, linaghaniwa, na kila mghani huja na mahadhi yake.

Waliopoteza alama wengi walizipoteza kwenye mizani, na kosa lilikuwa lilelile. Shairi la kawaida ni mizani kumi na sita kwa mshororo, nane ukwapi (kipande cha kwanza) na nane utao (kipande cha pili). Kijana mmoja mgeni alihesabu *mwana* mizani tatu na *mto* mizani moja. Zote mbili si sawa: *mwa-na* ni mbili, na *m-to* pia ni mbili, kwa sababu *m* ile inasimama peke yake kama silabi. *N-chi* ni mbili. *Ng'o-mbe* ni mbili. Hesabuni kwa vidole mkighani polepole. Macho hudanganya, sikio halidanganyi.

Jambo la pili ni Kiamu, lahaja ya hapa. Hapa *macho* ni *mato*, *nchi* ni *nti*, *njia* ni *ndia*, *moja* ni *moya*, *juu* ni *yuu*, *vyakula* ni *zakula*. Washairi wa pwani nzima, hata wasiozungumza Kiamu sokoni, huyakopa maneno haya kwa sababu yanawapa vina ambavyo Kiswahili cha shule hakina. Tuseme umeandika:

*Mashua yavuka mto, nahodha ameshafika,*
*Tazama kwa yako mato, upepo umegeuka.*

Weka *macho* badala ya *mato*: mizani haijapungua hata moja, lakini kina cha kati kimekufa. Mshairi wa bara angelazimika kuuvunja mshororo wote aujenge upya. Mzee aliyekaa nyuma yetu alikuwa akiwasahihisha washiriki kwa mnong'ono kabla majaji hawajaandika chochote. Tulipomwomba ruhusa ya kurekodi mnong'ono wake alicheka, akasogea kwenye mkeka: "Ndooni, ketini hapa, mtasikia zaidi."

Magharibi ilipokaribia, mwendeshaji alikata katikati ya mshairi wa tisa, bila kuomba radhi na bila mtu kulalamika. Waliobaki watatu waliwekwa kesho yake.

Siku ya 3, Ijumaa: bao, vugo na taarabu

Asubuhi ya Ijumaa panga kitu kimoja tu. Kuanzia saa tano maduka yanafungwa moja moja, na hadi saa nane mji ni wa misikiti. Kitu chetu kilikuwa bao.

Mbao zilitandazwa Mkunguni chini ya miti. Bao la Kiswahili lina mashimo thelathini na mawili, safu nne za nane nane, na kete sitini na nne ambazo hapa ni komwe za rangi ya kijivu. Kila mchezaji huanza na kete sita kwenye nyumba, lile shimo la mraba, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake, na ishirini na mbili mkononi. Wageni wengi hupigwa wakati wa namua, kete za mkononi hazijaisha, kwa tamaa ya kula penye kete nyingi. Wazee huilinda nyumba. Kula ni lazima, lakini penye njia mbili za kula huchagua ya kete chache ili nyumba isiguswe, na mtaji ukianza, yaani kete za mkononi zikiisha, wanamaliza kwa mzunguko mmoja ambao mtazamaji hawezi kuufuata kwa macho. Usinyooshe kidole kumwonyesha mtu mchezo. Watazamaji watakukemea kabla yake.

Alasiri wanawake wawili wa kundi walialikwa kwenye vugo, nyumba moja mtaa wa Langoni. Vugo ni pembe za nyati au ng'ombe zinazogongwa kwa vijiti, kila mwanamke na pembe yake, wakiimba nyimbo za harusi kwa kupokezana. Simu zote zilikusanywa mlangoni kwenye kapu. Hakuna picha na hakuna sauti iliyorekodiwa, na hapa hatutaandika maneno yaliyoimbwa. Anayealikwa aende na leso na zawadi ndogo. Wanaume msiulize kulikuwa na nini.

Usiku ndio ulikuwa wa taarabu, uani Ngomeni. Amu ndiko alikozaliwa Zein l'Abdin, mpiga udi aliyeishi Mombasa na kufariki 2016, na mpangilio aliouzoea yeye ndio uliosikika: udi mbele, fidla, dumbaki, matari, sauti moja. Hakuna kinanda cha umeme.

Tatizo la ua huu ni umande. Novemba kusi imeshaondoka na kaskazi haijatulia, hewa imesimama, na kuanzia saa mbili usiku ukuta wa matumbawe huwa baridi na kila ngozi iliyo karibu hulegea. Dufu iliyokuwa inasema *ti* saa moja jioni husema *bu* saa tatu. Kwa hiyo nyuma ya ukumbi, mahali pasipo na makuti juu, huwashwa moto mdogo wa karatasi na makumbi. Tuliwatazama vijana wanne wa dufu wakifanya kazi hii kwa zamu, na hivi ndivyo inavyofanywa sawasawa:

Dufu hushikwa umbali wa mkono mzima kutoka kwenye mwali, uso wa ngozi ukielekea moto, na huzungushwa bila kusimama, kama unayekausha sinia. Sekunde thelathini, piga, sikiliza. Rudia. Ukingo upate joto kwanza, kati baadaye, maana kati ndiko ngozi ilikotanuka zaidi na ndiko itakakopasuka ikikazwa haraka. Ikishalia vizuri itolewe, iachwe kidogo, kisha ipigwe. Dufu iliyotoka motoni hupanda sauti kwa dakika moja zaidi ikiwa nje, na anayengoja iwe kamili juu ya moto huwa ameshapitiliza. Joto lile hudumu nyimbo tatu au nne. Kundi lenye dufu nane kwa hiyo huwa na tano uwanjani na tatu motoni. Anayekuja na dufu za idadi kamili ya wapigaji ataimaliza nusu ya pili akipiga vifuniko vya sufuria.

Matari yenye ngozi ya plastiki hayana shida hii, na yapo. Wazee huyaita "ndoo".

Udi nao. Nyuzi ni kumi na moja, jozi tano na mmoja mnene peke yake, na vigingi vya mbao hunywa unyevu vikagoma au vikateleza. Kinachogoma kipakwe sabuni kavu, kinachoteleza kipakwe chaki. Linganisha sauti za nyuzi mara mbili: chumbani, kisha tena uani baada ya kuutoa mfukoni na kuuacha robo saa uzoee hewa. Anayeruka hatua ya pili hupiga wimbo wa kwanza nusu sauti chini ya fidla.

Saa nne kasoro umeme ulikatika. Jenereta lilikuwapo, mafuta hayakuwapo. Watu hawakuondoka. Walisogeza mikeka hadi hatua mbili kutoka kwa wapigaji, mtu akaleta karabai, na dumbaki ikashushiwa kanga ili isimeze udi. Kuta zile nene hurudisha sauti vizuri kama mko karibu. Kwenye kinasa sauti chetu nyimbo tano zilizopigwa gizani ndizo safi kuliko zote, kwa sababu kabla ya hapo spika mbili zilikuwa zimewekwa nyuma ya wapigaji na maikrofoni ya udi ilikuwa ikipiga mluzi kila mpiga udi alipokaa kimya. Mkipanga shughuli pale: spika mbele ya wapigaji, zikitazama wasikilizaji, na maikrofoni kiganja kimoja kutoka kwenye uso wa udi, pembeni ya tundu na si mbele yake. Na dumu la lita ishirini la petroli.

Kahawa chungu 20 kikombe, kashata 10. Mwenye buli alipita gizani akimimina kwa kusikiliza kikombe kinavyojaa.

Siku ya 4, Jumamosi: mashua asubuhi, Takwa jioni

Mbio za punda tulizikosa tukiwa tumelala.

Mashindano ya mashua yalipangwa saa nne. Upepo ulikuja saa tano. Tulitazama kutoka roshani ya Makumbusho, mahali pazuri kuliko ufukweni penye msongamano. Mashua ya Amu ina mlingoti ulioinama mbele, foromali (boriti ya kutundikia tanga) ndefu na tanga moja la pembe tatu. Upepo ukiwa mkali ubao hutolewa nje upande wa joshi, utokako upepo, na mabaharia wawili watatu hukaa ncha yake kuizuia isilale. Siku hii upepo ulikuwa mwembamba, ubao haukusaidia kitu, na shindano likawa la kupiga bisho: nani atageuza tanga bila kupoteza mwendo. Maji yalikuwa yanapwa kuelekea saa sita kasoro. Nahodha mmoja aliyekata njia kuukwepa mkondo alipanda fungu, akakaa hapo hadi wenzake walipomaliza. Vijana walimwogelea na madafu.

Takwa iko Kisiwa cha Manda, mwisho wa mkono wa bahari uliojaa mikoko, na boti haipiti humo isipokuwa maji yamejaa. Wanaouza safari hii ufukweni saa tatu asubuhi siku ya bamvua wanakuuzia kutembea kwenye tope hadi magotini. Siku yetu maji yalijaa karibu na saa kumi na mbili kasorobo jioni, kwa hiyo tuliondoka Amu saa tisa, tukaingia mikokoni maji yakipanda, na tulitakiwa tuwe tumetoka kabla hayajashuka sana. Boti ya injini 4,500 kwa watu watano, pamoja na kusubiri. Patana kuhusu kusubiri kwanza, kabla ya bei.

Ni mji uliohamwa, ukuta wake bado umesimama sehemu nyingi, mibuyu imeota ndani ya nyumba. Msikiti wa Ijumaa una nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla, kitu ambacho hamtakiona msikiti mwingine kirahisi. Watu wa Shela huhesabu Takwa kuwa kwao kwa asili na huja hapa kuomba mvua. Vueni viatu msikitini hata kama hauna paa. Mbu huamka saa kumi na mbili kamili kama walioitwa.

Usiku, goma. Wanaume kwa kanzu na kofia wamejipanga mstari, bakora mkononi, wakiinama na kuinuka polepole mno hivi kwamba kwenye picha wote wanaonekana wamesimama. Piga video, au usipige kabisa. Nyuma yao ngoma za vumi na chapuo, na zumari juu ya vyote. Mpiga zumari hakupumzika dakika kumi na mbili kwa saa yetu: hewa huwekwa mashavuni na kusukumwa huku pua ikivuta nyingine. Ulimi wa zumari ni wa jani la mvumo, hulowekwa mdomoni kabla ya kupigwa, na ukikauka ghafla hupasuka. Alikuwa na nne za akiba, zimefungwa uzi shingoni mwa ala. Alipotuona tunazitazama aliivunja moja makusudi ili tuone tabaka zake, kisha akakataa kulipwa.

Kirumbizi, watu wawili wenye fimbo ndani ya duara, kilianza saa tano. Sisi tulikuwa na basi alfajiri.

Siku ya 5, Jumapili: kurudi

Maji yalijaa saa kumi na mbili u nusu asubuhi, boti ya kwanza ilivuka bila shida, basi liliondoka Mokowe kwa wakati. Vizuizi vilevile, chai ileile Malindi. Kwa kila mtu, nauli, boti, vyumba, chakula na Takwa vilifika 14,700, bila ada za makumbusho.

Baada ya Garsen tulisikia mlio kama wa bunduki kwenye sehemu ya mizigo. Ilikuwa dufu. Usiku ilikuwa imelowa umande na kukazwa motoni, ikafungiwa ndani ya mfuko wa plastiki ikiwa bado na unyevu, kisha ikakaa saa nne kwenye bati la joto. Ngozi ilijikaza yote kwa mpigo, ikachanika kwenye misumari mitatu. Tungeifuta kwa kitambaa kikavu, tungeifunga kwa shuka na si plastiki, na tungeiweka juu pamoja na abiria.

Ngozi mpya ya mbuzi tumeipata sokoni Kongowea, Mombasa, kwa 900. Imelala majini usiku kucha, ikakwanguliwa manyoya kwa kipande cha chupa, ikavutwa juu ya duara la mbao na kupigiliwa misumari kwa kukabiliana: mmoja juu, mmoja chini, mmoja kulia, mmoja kushoto, kisha kati ya hiyo, kila mmoja upana wa kidole kimoja kutoka ukingoni mwa ngozi. Ya zamani ilikuwa nusu kidole. Tangu Jumatatu iko barazani, kivulini, na watoto wamekatazwa kuigusa.